Mavazi Mepesi ya Kiume ya Mashariki: Safari ya Vitambaa na Majina Yake

Kila mwaka mwezi wa Juni unapofika, mabingwa wa ushonaji wa Paris na Milan huonyesha hadharani mavazi ya kiume yatakayouzwa katika majira ya joto ya mwaka ufuatao. Katika maonyesho hayo hayakosekani mavazi yasemwayo kuwa yamefuata mitindo ya Mashariki: kanzu zisizobana mwili, koti zenye ukosi mfupi wa kusimama, suruali pana zifungwazo kwa utepe kiunoni, mishipi ya nguo badala ya ngozi, na vitambaa vya pamba, kitani au hariri vilivyo vyepesi hata upepo hupenya. Aghalabu mavazi hayo hutangazwa kuwa jambo jipya. Mtu asomaye historia hawezi kulipokea neno hilo bila ya swali, maana wanaume wa Ulaya wamekuwa wakiyaazima mavazi ya Mashariki, wakiyaacha na kuyaazima tena, kwa muda wa zaidi ya miaka 350. Naye mtaalamu wa lugha ana sababu nyingine ya kuuliza: majina mengi ya vitambaa na mavazi hayo yamo katika Kiswahili pia, na baadhi yake yalifika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa njia fupi kuliko ile iliyoyafikisha London.

Makala hii haikusudii kuhukumu uzuri wa mavazi. Inakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba jina la kitambaa ni ushahidi wa historia, na mara nyingine ni ushahidi uliobaki peke yake baada ya mfumaji kusahauliwa. La pili ni kwamba ushahidi huo u katika hatari ya kupotea, kwa kuwa kamusi aghalabu hutosheka kulieleza neno la namna hii kwa kusema "aina ya kitambaa", na hapo msomaji huachwa bila ya kujua kilikuwa kitambaa gani, kilitoka wapi, wala nani alikivaa.

Kwanza yafaa neno "majira ya joto" lipimwe. Katika nchi za Ulaya majira hayo ni miezi mitatu hivi, na vazi jepesi ni vazi la muda. Joto likiisha hurudishwa sandukuni. Kiswahili hakina neno moja lililo sawasawa na majira hayo. Kiangazi ni wakati wa ukavu, mvua zikomapo. Kaskazi ni pepo zitokazo kaskazini-mashariki, na pia ni wakati wake wa joto, tangu Desemba hata Machi. Kusi ni kinyume chake. Kwa mtu wa pwani wepesi wa nguo si jambo la majira, bali ni sharti la mwaka mzima, maana joto lichanganyikalo na unyevu wa bahari ladai nguo inyonyayo jasho na isiyogandama mwilini. Kanzu na kikoi, basi, si mavazi ya kiangazi. Ni mavazi tu. Lililo desturi kwa upande mmoja limekuwa burudani ya miezi mitatu kwa upande wa pili, na sehemu kubwa ya historia ifuatayo imo katika tofauti hiyo.

Habari za zamani za mavazi ya kiume ya pwani si chache kama idhaniwavyo. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika Mogadishu mwaka 1331, akapewa nguo za kuvaa kwa ajili ya kwenda msikitini siku ya Ijumaa. Alizieleza moja moja: nguo ya hariri ya kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, joho lililotiwa bitana, na kilemba cha Misri chenye mapambo. Aliongeza kwamba watu wa huko walijifunga nguo hiyo ya kiunoni mahali pa suruali, vazi ambalo hawakulijua. Alisema pia kwamba katika mji huo zilifumwa nguo zilizoitwa kwa jina la mji wenyewe, na kwamba zilipelekwa hata Misri. Maelezo hayo mafupi yana mambo mawili ya thamani. Yanaonyesha kwamba kabla ya kuja kwa Wareno mwanamume wa heshima wa pwani hiyo alivaa vitambaa vya nchi tatu au nne kwa wakati mmoja. Na yanaonyesha kwamba pwani haikuwa mnunuzi tu, bali ilifuma na kuuza.

Ushahidi mwingine unakubaliana na huo. Katika machimbo ya Kilwa yaliyoongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960, vilionekana vigurudumu vidogo vya kusokotea uzi, alama ya kazi ya pamba iliyofanywa mahali pale pale. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mapema katika karne ya 16, alieleza jinsi watu wa Sofala walivyofuma nguo nyeupe za pamba. Na walipotaka rangi walizichukua nguo za buluu zilizotoka Cambay, katika Gujarat, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Nguo za hariri za Pate nazo zilijulikana na kutafutwa na Wareno. Mfumi wa Sofala aliyeivunja nguo ya kigeni ili atengeneze ya kwake hakuwa mwigaji. Alifanya kama lugha ifanyavyo inapolichukua neno la kigeni, ikalivua sauti zake na kuliingiza katika ngeli zake yenyewe.

Ulaya iliingia katika habari hii kwa nguvu katika karne ya 17. Kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, ilikuwa na kituo chake Nagasaki, katika kisiwa cha Deshima, tangu mwaka 1641. Wakuu wa kituo hicho walipokwenda kumwamkia mtawala wa Japani walizawadiwa majoho mapana ya hariri, na majoho hayo yalipofika Uholanzi yaliwapendeza sana matajiri. Kwa kuwa yaliyoletwa hayakutosha, mengine yalishonwa kwa vitambaa vya pamba vya Bara Hindi vilivyotiwa rangi na maua. Waholanzi waliliita vazi hilo kwa jina la Japani. Waingereza waliliita kwa jina la India, na baadaye wakaliita *banyan*.

Neno hili la mwisho lastahili kuangaliwa na kila msomaji wa Kiswahili. Asili yake ni Kigujarati, katika jina la watu wa tabaka la wafanya biashara. Likapita katika Kireno, kisha likaingia Kiingereza. Neno hilo hilo lilifika pwani ya Afrika, nalo ndilo "Baniani", ambalo kila mtu alijua katika methali isemayo kwamba Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Kiingereza kimelichukua jina la mfanya biashara na kulivika vazi. Kiswahili kimeliacha kwa mfanya biashara mwenyewe. Sababu si ngumu kuipata. Huko London Baniani hakuonekana. Palionekana bidhaa tu. Huku Unguja, Mombasa na Lamu alikuwa jirani, mkopeshaji na mwenye duka, na jina lake halikuweza kutengwa naye.

Samuel Pepys, mtumishi wa serikali ya Uingereza ambaye shajara yake imekuwa hazina ya wanahistoria, alijinunulia joho la namna hiyo mwaka 1661 kwa shilingi 34. Mwaka 1666 alipochorwa picha na John Hayls, alilikodi joho jingine ili achorwe amelivaa, na picha hiyo imehifadhiwa London hata leo. Katika karne ya 18 vazi hilo likawa kama sare ya wasomi: lilivaliwa nyumbani na maktabani, na wengi walipenda kuchorwa nalo. Benjamin Rush, tabibu wa Philadelphia, aliandika kwamba mavazi yaliyolegea huisaidia akili kufanya kazi yake. Kwa hiyo vazi lililokuwa la kawaida kwa karani au mwenye duka wa Surat lilikuwa kwa Mzungu alama ya fikira na faragha. Hakulivaa barabarani kwenda kazini.

Mwaka huo huo wa 1666, katika mwezi wa Oktoba, mfalme Charles II alianza kuvaa fulana ndefu chini ya koti, akatangaza kwamba hilo ndilo litakalokuwa vazi la wakuu wa baraza lake. John Evelyn, aliyeliona, aliandika kwamba lilifuata mtindo wa Kiajemi. Nia ya mfalme ilikuwa ni kuachana na mitindo ya Ufaransa na kuwafundisha wakuu wake kubana matumizi. Wanahistoria wa mavazi huanzia hapo wanapoieleza asili ya suti ya vipande vitatu: koti, kizibao na suruali. Ikiwa Evelyn alisema kweli, basi vazi lililokuja kuhesabiwa kuwa ndilo la Kizungu hasa, ambalo makarani wa Kiafrika katika enzi ya ukoloni waliambiwa kuwa ni alama ya ustaarabu mpya, lilianza kwa kuazimwa kutoka Mashariki.

Walakini kuazima huko hakukuwa kwa hiari ya pande zote. Nguo za pamba za Bara Hindi zilikuwa nyepesi, zilifulika, na rangi zake hazikuchujuka. Wafumaji wa sufu na hariri wa Ulaya waliona riziki zao zikiondoka. Ufaransa ilizipiga marufuku nguo za pamba zilizochapwa maua mwaka 1686, na katazo hilo likadumu hata 1759. Uingereza ilizuia kuingizwa kwa nguo hizo kwa sheria ya mwaka 1700. Mwaka 1719 wafumaji wa Spitalfields walifanya ghasia katika mitaa ya London, wakawararulia wanawake nguo za namna hiyo mwilini. Mwaka 1721 ikatungwa sheria nyingine iliyozuia hata kuzivaa, isipokuwa aina chache, miongoni mwake melimeli na nguo zilizotiwa rangi ya buluu mwili mzima. Sheria hiyo haikuondolewa hata mwaka 1774, na kufikia hapo Waingereza walikuwa wamekwisha kujifunza kuchapa na kusokota wenyewe. Katika karne ya 19 mambo yaligeuka kabisa: nguo za mashine za Lancashire zikaenda kuuzwa Bara Hindi kwa watu wale wale ambao kazi yao ilikuwa imeigwa.

Masaibu hayo yanasomeka katika majina. Jina la Kiingereza la nguo ya pamba nyeupe, *calico*, limetoka katika jina la bandari ya Calicut. Na jina la nguo nyembamba kuliko zote, *muslin*, limetoka katika jina la mji wa Mosul katika Iraki. Nguo nyembamba iliyosifiwa kupita zote haikufumwa Mosul bali Dhaka, kwa pamba ya namna ya peke yake iliyoota kando ya mito ya huko. Waingereza waliita nguo kwa mji wa wachuuzi, na jina la mji wa wafumaji halikusikika. Kiswahili hakikupita Mosul. Neno lake ni "melimeli", nalo latokana na *malmal* la Kihindi, jina ambalo wafumaji na wauzaji wa Bara Hindi walilitumia wenyewe. "Bafta" nayo ni neno la Kiajemi lenye maana ya "iliyofumwa", na lilikuwa jina la nguo zilizosifika hasa katika mji wa Bharuch katika Gujarat. "Doria", nguo nyepesi nyeupe, ni *doriya* ya Kihindi, neno lililojengwa juu ya jina la uzi, kwa sababu nguo hiyo ilikuwa na mistari katika mfumo wake. Msomaji wa leo akilisikia neno "doria" hufikiri askari wanaozunguka usiku, na maana ya nguo yakaribia kufa.

Ufumaji wa melimeli ya Dhaka ulififia katika karne ya 19, na hata ile pamba yake ikapotea mashambani. Ufumaji wa *jamdani*, ulio wa ukoo wake, ulibaki, na mwaka 2013 shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu. Bara Hindi lenyewe lilijibu kwa nguo. Mahatma Gandhi aliifanya nguo ya pamba iliyosokotwa na kufumwa kwa mkono kuwa silaha ya siasa, na mwaka 1931 alimwendea mfalme George V katika jumba lake la London akiwa amevaa nguo hiyo nyeupe ya kujifunga na shali. Miaka 30 na kitu baadaye, koti la Kihindi lenye ukosi wa kusimama likawa mtindo kwa vijana wa Ulaya na Marekani, likauzwa kwa jina la Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India. Mtindo huo haukudumu sana, lakini ukosi wake unarudi katika maonyesho ya mavazi mara kwa mara, nao mara nyingi hauambatani na jina la mtu wala la nchi.

Mavazi ya mwili wa chini yana habari yake. Katika Kiajemi *pay* ni mguu na *jama* ni nguo. Maneno hayo mawili yakaunganishwa, Kihindustani kikaliita hivyo vazi pana la miguu. Waingereza waliokaa Bara Hindi walilichukua, na tangu miaka ya 1870 likaenea kwao kama vazi la kulalia wanaume. Hata nguo ya mchana ikawa ya usiku, na kwa maana hiyo ya usiku ndipo Kiswahili kikapata "pajama". Lakini vazi lililo jamaa yake lilikuwa limekwisha kufika kwa njia nyingine: *shalvar* ya Kiajemi ikawa *sirwal* kwa Waarabu, na kwa Waswahili ikawa "suruali". Basi Kiswahili kina maneno mawili ya Kiajemi kwa vazi la miguu, moja lililokuja kwa tanga na pepo za kaskazi, na jingine lililozunguka kwanza katika nyumba za Wazungu. Mambo ni hayo hayo katika mshipi wa nguo. Maofisa wa Kiingereza katika Bara Hindi, wakiona kizibao ni kizito kwa chakula cha jioni katika joto, walijifunga kitambaa kiunoni na kukiita kwa neno la Kiajemi lenye maana ya kifunga kiuno. Pwani walikuwa na mahazamu, neno la asili ya Kiarabu kwa kitambaa cha kazi ile ile, wala hapakuwa na haja ya jina jingine.

Mfano ulio bora kupita yote ni wa maneno mawili ya rangi ya udongo. Katika Kiajemi *khak* ni vumbi, na *khaki* ni kitu chenye rangi ya vumbi. Kikosi cha askari kilichoundwa Peshawar mwaka 1846 na Harry Lumsden kilivishwa nguo nyepesi za pamba za rangi hiyo, na kabla ya karne kwisha jeshi la Uingereza likaifanya kuwa sare yake katika nchi za joto. Askari wa Afrika ya Mashariki waliivaa, kisha wakaivaa wapimaji ardhi, madereva na watoto wa shule. Kiswahili kikapata "kaki". Neno la pili ni "hudhurungi". Kamusi za mwanzo mwanzo za Kiswahili hazikulieleza kuwa rangi tu, bali kuwa ni nguo ya pamba ya rangi ya kahawa isiyokolea, iliyoshonewa kanzu. Asili yake huelekezwa katika Kiajemi *khud-rang*, yaani kitu chenye rangi yake mwenyewe, kisichotiwa rangi. Na nguo ya jina hilo ilijulikana katika Omani. Sehemu ya mwisho ya neno hili haikujificha: ni ile ile "rangi" ya kila siku, ila irabu yake yaelekea kuvutwa na *u* zilizoitangulia.

Maneno hayo mawili, yaliyoanza kwa sauti moja ya *kh* katika lugha moja, yameishia katika Kiswahili kwa sauti mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo hati ya safari yao. Maneno yaliyokuja kwa njia ya Ghuba na Uarabuni kwa kawaida yaligeuza *kh* kuwa *h*: habari, heri, hatari. "Hudhurungi" limefuata kanuni hiyo. "Kaki" halikuifuata. Lingalifika kwa mashua kutoka Ghuba, lingalitazamiwa kuwa "haki", nalo lingaligongana na neno lililokwisha kuwapo, ambalo asili yake ni nyingine kabisa. *K* yake yashuhudia kwamba lilipita kwanza katika vinywa vya Waingereza. Tena maana zao zimekwenda kinyume: khaki ilikuwa rangi ikawa nguo; hudhurungi ilikuwa nguo ikawa rangi. Mtu akisema leo "viatu vya hudhurungi" ameitaja, pasipo kujua, kanzu iliyovaliwa na watu wa pwani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kanzu imetoweka, mfumaji wake hajulikani, na neno limebaki likiwa limesahau lilikotoka.

Mfano wa Marekani wafaa kutajwa karibu na huo. Kitambaa cha pamba chenye mistari inayopishana, mmoja laini na mmoja wenye mikunjo midogo, huitwa kwa Kiingereza *seersucker*, neno lililotokana na *shir o shakar* ya Kiajemi, maana yake maziwa na sukari: ulaini wa kimoja na ukwaruzo wa kingine. Mikunjo hiyo haipatikani kwa pasi. Wakati wa kufuma, baadhi ya nyuzi za mtande hukazwa na nyingine hulegezwa, na mshindio unapopita zile zilizolegea hujikunja. Kwa hiyo kitambaa hakiuguzi mwili mahali pote, na hewa hupita katikati. Joseph Haspel alianza kushona suti za kitambaa hicho New Orleans mwaka 1909, nazo zikawa vazi la waungwana wa kusini mwa Marekani wakati wa joto. Neno *shakar* lililofichwa humo ni ndugu wa "sukari" ya Kiswahili, ambayo yatokana na Kiarabu *sukkar*. Na yote yarudi katika Kisanskriti.

Kwa upande mwingine, jina "marekani" lafundisha kwamba njia hizi hazikuelekea upande mmoja. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na serikali ya Marekani, merikebu za Salem, katika Massachusetts, zilileta Unguja nguo nyeupe ya pamba isiyopaushwa, ngumu na ya bei nafuu. Nguo hiyo ilizishinda nguo nyingi za Bara Hindi sokoni, ikapenya bara pamoja na misafara, ikawa kama fedha. Vipimo vyake vilikuwa vya mkono wa mtu: mikono 4 ilifanya shuka, na mikono 8 ilifanya doti. Neno "shuka" kwa hiyo lilikuwa kipimo na vazi kwa pamoja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hata 1865, viliukata mkondo huo, na baadaye viwanda vya Bombay vilitengeneza nguo ya namna ile ile. Jina halikubadilika. Watu waliendelea kuita "marekani" nguo iliyofumwa India, na hapo jina la nchi likawa limekwisha kuwa jina la kitu. Wafumi wa Mogadishu na pwani ya Benadir walishindana na bidhaa hizo kwa shida, lakini vitanda vyao vya kufumia vilikuwa vikilia hata katika karne ya 20.

Katika karne hiyo ya 19 pwani nayo ilitoa. Kanzu ilifika Buganda pamoja na wafanya biashara wa Kiarabu na Kiswahili katika miaka ya 1840, ikapokewa katika jumba la Kabaka, na hatimaye ikawa vazi la heshima la mwanamume wa Kiganda. Jina lilikwenda pamoja na vazi, nalo limo katika Kiganda hata leo. Hivi ndivyo kuazima kunavyokuwa pale ambapo mwazimaji humwona mwenye mali: kitu na jina huja pamoja, na mtoaji hakatazwi kuendelea kukitengeneza.

Kinyume chake kilidhihirika katika habari ya kikoi. Nguo hii ya kiume ya kujifunga kiunoni, yenye taraza kandokando, imekuwa tangu zamani vazi la wavuvi, manahodha na wazee wa barazani. Utalii uliichukua ufukweni, na kutoka hapo ikaingia katika maduka ya Ulaya kama nguo ya majira ya joto kwa wanaume na wanawake. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba isajiliwe kuwa mwenye haki ya neno *kikoy* kama alama yake ya biashara katika nchi hiyo. Lau ombi hilo lingalikubaliwa, mfanya biashara wa Kenya angaliweza kuzuiwa kuuza kikoi huko kwa jina la kikoi. Lilipingwa, na hatimaye likaachwa. Jambo hilo lilikuwa dogo machoni pa wengi, lakini lilionyesha kwamba jina la nguo si pambo la kamusi. Ni mali, na anayeweza kuthibitisha kwamba lilikuwa neno la watu kabla halijawa neno la duka ndiye awezaye kuilinda.

Yaweza kupingwa kwamba Kiswahili hakina nafasi ya kulalamika, kwa kuwa majina karibu yote yaliyotajwa hapa nacho kimeyaazima. Pingamizi hilo ni la haki, nalo lina jibu. Kuazima si kosa, na hakuna lugha wala vazi lililokua bila ya kuazima. Suala ni namna. Kiswahili kiliyapokea majina haya kutoka kwa mabaharia, mafundi na wenye maduka, kikayatumia mbele yao. Hakikutunga sheria ya kuwazuia wasiuze, kisha kikaiga kazi yao na kuwauzia wenyewe. Tena wapo mafundi wa Mashariki ambao wameonyesha njia nyingine. Kenzo Takada na Issey Miyake, wote Wajapani, walianza shughuli zao mwaka 1970, mmoja Paris na mwingine Tokyo, na Miyake hasa aliijenga kazi yake juu ya wazo la kipande kimoja cha kitambaa kiuzungukacho mwili. Wazo hilo si geni kwa mtu wa shuka. Tofauti ni kwamba hapo mtindo wa Mashariki ulikwenda sokoni na jina la mwenyewe.

Kazi inayobaki kwa wataalamu wa Kiswahili ni ya kamusi. Kila jina la nguo lastahili kuandikiwa mambo manne: asili ya neno, mahali kitambaa kilipofumwa, kazi kiliyofanyiwa, na wakati kilipotumika. Hayo yatafutwe katika hesabu za wafanya biashara, katika habari za wasafiri, na katika kamusi za karne ya 19, ambazo mara nyingi zina habari zilizopunguzwa na kamusi zilizofuata. Yatafutwe pia kwa mafundi wa kanzu wa Unguja, Mombasa na Lamu, ambao bado hutaja badani, taharizi, kikwapa na sijafu, na ambao hujua kwa mikono yao kwa nini kanzu hukatwa kwa vipande vilivyonyooka na jinsi kitambaa kisivyopotezwa. Mafundi hao ni wachache kuliko walivyokuwa, na kanzu nyingi zivaliwazo sasa zimeshonwa kwa mashine katika viwanda vya mbali. Yasipoandikwa maneno yao wangali hai, "taharizi" nayo itaifuata "doria", na kamusi itasema tu kwamba ilikuwa sehemu ya nguo.